Wajumbe Hai wa Chama cha Kinu na Mchi

Ipo nchi moja, wala si mbali, ambayo jina lake hatutalitaja kwa sababu wenyewe wamelibadilisha mara nne, na mara zote nne wameshona bendera kabla ya kukubaliana herufi. Katika nchi hiyo vyama ni vingi, lakini ukisema "Chama" bila kuongeza neno, hata mbuzi wanajua unazungumzia Chama cha Kinu na Mchi, kile kilichoipokonya nchi kutoka kwa wageni kisha kikasahau kuiachia. Kwa miaka arobaini kilishinda kila uchaguzi kwa asilimia tisini na tisa, na ile asilimia moja iliyobaki ilitafutwa nyumba kwa nyumba.

Halafu mambo yakaharibika. Katika uchaguzi wa mwisho, kati ya viti mia mbili na kumi vya Bunge, Chama kiliambulia saba. Wananchi waliokuwa wakipokea fulana na khanga za Chama walizipokea kama kawaida, wakazivaa, wakaenda kupigia kura watu wengine. Viongozi walishangaa sana. Waliitisha kikao cha Halmashauri Kuu, wajumbe wote arobaini na watano, chenye ajenda moja: "Kwa nini wananchi hawatupendi?"

Aliyeandika kumbukumbu za kikao hicho alikuwa Bi Tunu Makwaya, karani wa daftari la Chama. Aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na miwili, sasa alikuwa na hamsini na tisa, na katika muda wote huo hakupandishwa cheo wala kufukuzwa, maana ni yeye peke yake aliyejua daftari limewekwa kabati gani. Alikuwa ameimudu lugha ya kumbukumbu, ambayo ni lugha ya kawaida iliyofuliwa na kupigwa pasi. Mtu akitukanwa mama yake, Bi Tunu aliandika kwamba mjumbe aligusia masuala ya familia.

Mjadala ulidumu dakika nne. Dakika ya tano alinyoosha mkono Kondo Makwaya, mpima ardhi mstaafu, mdogo wake Bi Tunu. Huyu Kondo hakuwa na upande. Hakuwa wa Mwenyekiti wala wa wapinzani wa Mwenyekiti, jambo lililomfanya apigwe na pande zote mbili kwa usawa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "labda hawatupendi kwa sababu tunawapiga."

Kiti cha kwanza kilirushwa kutoka safu ya tatu. Kilimkosa Kondo kikampata mjumbe wa Bondeni, ambaye naye alirudisha kwa mjumbe wa Milimani, na kabla hujameza mate ukumbi mzima ulikuwa umeshikana. Bi Tunu aliingia chini ya meza na daftari lake, akaendelea kuandika kwa mwandiko wake ule mzuri: "Mjumbe wa Bondeni alichangia kwa kiti. Mjumbe wa Milimani aliupokea mchango huo kwa paji la uso. Mjumbe mmoja aliomba sikio la Mwenyekiti, na alipolipata hakutaka kuliachia, mpaka alipong'olewa meno mawili. Hoja iliungwa mkono. Mikono mitatu haikuungika, ikapelekwa hospitali."

Jioni, akimwosha Kondo jeraha la kichwani kwa maji ya chumvi, alimwambia, "Mdogo wangu, kwani ni lazima useme wewe?"

"Dada, swali liliulizwa."

"Waliuliza ili wasijibiwe. Usiende tena, nakuomba."

"Sijakosa kikao hata kimoja tangu nichaguliwe. Nikikosa mimi, nani atakuwepo?"

Bi Tunu aliongeza chumvi kwenye maji. Mama yao alipofariki, Kondo alikuwa na miaka mitano, na dada yake ndiye aliyembeba mgongoni, akampigania shuleni, akamuuguza surua, akamsomesha hadi chuo cha upimaji. Hakujaliwa kuzaa. Ukimuuliza ana watoto wangapi, alikuwa akijibu, "Mmoja, ananiita dada."

Vikao vingine viwili vilifuata, na mambo yalikuwa yale yale, ila safari hii watu walikuja na viti vyao kutoka nyumbani. Baada ya kikao cha tatu, wajumbe kumi wanaompinga Mwenyekiti walikimbilia nchi jirani kutibiwa meno. Meno yenyewe waliyaacha ukumbini, yakafagiliwa.

*

Mwenyekiti wa Chama aliitwa Mheshimiwa Daktari Zuberi Mkwanjwa. Udaktari alitunukiwa na chuo ambacho alikifungua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo hiyo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuwajali wenzake, aliwaombea na wafuasi wake kumi na tisa ndani ya Halmashauri, wakavishwa majoho kwa pamoja. Chuo kilifungwa jioni.

Mheshimiwa Mkwanjwa aliunda Tume ya Kujijenga Upya. Tume ilizunguka nchi miezi miwili na kurudi na ripoti ya kurasa mia nne ambayo Mwenyekiti aliisoma ukurasa wa mwisho tu, ulioandikwa: "Kwa ufupi, tatizo la Chama ni watu." Wajumbe wa Tume walikuwa na maana kwamba Chama kimewapoteza watu. Mwenyekiti aliielewa sentensi kama ilivyoandikwa. Akamwita Bi Tunu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Bi Tunu. Keti. Jumamosi ijayo nataka mkutano. Wajumbe wanithibitishe kuwa Mjenzi Mkuu wa Kudumu, tuanze kujijenga."

"Sawa, Mheshimiwa. Ila kuna suala la akidi."

"Lipi tena hilo?"

"Ibara ya kumi na nne. Kikao ni halali ikiwa theluthi mbili ya wajumbe hai wamehudhuria. Wajumbe ni arobaini na watano, kwa hiyo wanatakiwa thelathini."

"Mimi nina ishirini, nikijihesabu."

"Basi bado kumi, Mheshimiwa."

Mwenyekiti aliinua macho darini, akayashusha. "Na nikitaka hawa ishirini wangu watoshe, jumla iwe ngapi?"

"Thelathini."

"Kumbe hatujapungukiwa na watu, Bi Tunu. Tumezidiwa na kumi na watano."

Akamtazama mtu aliyesimama mlangoni. Huyo alikuwa Kamanda Chogo, mkuu wa Kikosi cha Mapokezi. Kikosi hicho kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni wa Chama, na waliowahi kupokelewa nacho wengi wao hawakuweza kusimulia. Kila askari wake alibeba mchi wa mninga, alama takatifu ya Chama. Chogo aliposikia "tumezidiwa" aliubadilisha mchi wake kutoka bega la kushoto kwenda la kulia.

"Si lazima hivyo, Mheshimiwa!" alisema Bi Tunu haraka. "Neno lililoandikwa ni hai. Mjumbe hai, kwa maana ya Chama, ni yule aliyehudhuria vikao vitatu vya mwisho. Asiyehudhuria anaandikwa si hai kwa wino mwekundu, na hahesabiwi tena. Haigusi damu ya mtu. Ni kalamu tu."

"Kalamu tu?"

"Kalamu tu."

"Niletee orodha kesho."

Bi Tunu alitoka pale amejaa fahari. Ameokoa watu kumi na watano kwa neno moja! Akajinunulia vitumbua viwili, akavila njiani bila kujali watu.

Usiku ule daftari lilimpa majina kumi na manne ya waliokosa vikao. Wengine walikuwa wamelazwa kwa sababu ya vikao vya nyuma. Wale kumi waliokwenda kutibiwa meno hawakufutika, kwani vikao vyote vitatu walikuwepo na saini zao zilikuwa na damu. Likabaki pengo la jina moja. Bi Tunu alikaa na pengo lile kwa muda mrefu. Aliujua mkutano wa Jumamosi utakavyokuwa, akamjua na mtu ambaye angenyoosha mkono na kusema jambo la kweli. Mtu huyo akiwa si hai, hataalikwa. Atabaki nyumbani, amwagilie mchicha wake, akasirike, apone.

Alidondosha tone la wino juu ya saini ya mdogo wake katika kikao cha tatu, akalieneza kwa kidole. Kisha akaandika kwa upendo wote aliokuwa nao: "Makwaya, Kondo. Si hai."

*

Siku mbili baadaye Kamanda Chogo alibisha hodi katika ofisi ya daftari, akavua kofia. Watu humdhania mkatili, lakini hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa na jambo moja tu alilolipenda duniani, nalo ni mambo kuwa sawasawa.

"Bi Mkubwa, orodha yako ina kosa."

"Kosa gani, baba?"

"Umeandika Amrani Bokera si hai. Leo asubuhi nimemwona sokoni anachagua bamia. Anazivunja ncha, anaangalia kama ni changa."

Bi Tunu alicheka. Baadaye alitamani angeumwa na nyoka kabla ya kucheka. "Si hai kichama, Kamanda. Nje ya Chama yuko hai, kama mimi na wewe."

"Nje ya Chama?" Chogo alikunja uso. Akageukia ukutani, palipotundikwa kaulimbiu ya Chama katika fremu ya dhahabu, akaisoma silabi kwa silabi: "Ha-ku-na u-ha-i nje ya Cha-ma." Chini yake palikuwa na saini. "Hii ni ya Mwenyekiti."

"Hiyo ni kaulimbiu tu, baba. Maneno ya kwenye mikutano."

"Kwa hiyo Mwenyekiti kasema uongo?"

Katika nchi hiyo swali hilo lilikuwa na jibu moja, na Bi Tunu alilitoa kabla hajafikiri. "Mwenyekiti hasemi uongo."

"Basi daftari halina kosa," alisema Chogo, na uso wake ukakunjuka. "Kosa liko sokoni." Akavaa kofia, akashukuru, akaondoka.

Bwana Bokera aliuawa saa tano na robo mbele ya meza ya mboga. Alipigwa mchi mara sita, na muuza bamia akalipishwa faini ya kuchafua soko. Gazeti la Chama liliandika kwamba mzalendo huyo amefariki kwa ajali ya mboga. Wa pili, Chande, alifuatwa hospitalini alikolazwa mguu juu, akatupwa dirishani pamoja na kitanda; hiyo ilikuwa ajali ya usingizi. Wa tatu, mwalimu Dikwe, alifungiwa ndani ya kabati la vikombe ambavyo Chama kilishinda katika kandanda, kabati likachomwa moto.

Bi Tunu alikimbia hadi kwa Mwenyekiti, viatu mkononi. "Mheshimiwa, Kamanda hajaelewa! Anaua watu! Anadhani si hai maana yake ni…"

"Namfahamu Chogo," alisema Mheshimiwa Mkwanjwa. Alikuwa akinyolewa. "Bidii imemzidi. Lakini bidii si kosa, Bi Tunu. Chama kilichoporomoka kama hiki chetu kilikosa nini? Bidii."

"Mkataze, Mheshimiwa. Neno lako moja tu."

"Nimkataze asifuate daftari? Wananchi watasema Chama hakiheshimu kumbukumbu zake." Akageuza shavu la pili kwa kinyozi. "Na orodha ile mwandiko ni wako, si wangu. Mwandiko mzuri sana."

Bi Tunu alishuka ngazi mbio. Orodha aliipanga mwenyewe kwa alfabeti, na Chogo alikuwa ameshafika herufi ya D.

*

Alimpata Kondo bustanini, akamvuta mkono hadi kwenye masjala ya Chama, chini kabisa ya jumba, akamficha nyuma ya marobota ya kalenda za Chama ambazo hakuna mtu aliyezitaka. Alimweleza yote huku akimfunika kwa turubai.

"Nani aliniandika?" aliuliza Kondo.

Bi Tunu angeweza kusema uongo. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka thelathini na saba. "Mimi," alisema. "Nilitaka ubaki nyumbani."

Kondo aliketi juu ya robota. "Lakini sijakosa kikao hata kimoja, dada."

"Najua."

"Uliiandika kwa wino?"

"Kwa wino, mdogo wangu. Nisamehe."

Usiku wa pili Kondo alipoletewa ugali na dagaa alimsogezea dada yake tonge la kwanza, kama walivyokuwa wakifanya zamani, na Bi Tunu akalila huku machozi yanamtiririka.

Huko nje Kikosi cha Mapokezi kiliendelea kusahihisha. Mjumbe mmoja alipokelewa msikitini na mwingine harusini kwa binti yake, mbele ya keki. Mmoja alijaribu kujificha kaburini, na Chogo alimsifu kwa kurahisisha kazi. Walipofika herufi ya M hawakumkuta Kondo, wakaacha nafasi, wakaruka kwenda N. Walipofika S wakakuta tatizo: orodha ilisema Sadala, na katika Halmashauri akina Sadala walikuwa wawili, mmoja wa Kanda ya Juu na mwingine wa Kanda ya Chini. Chogo, asije akakosea, aliwapokea wote wawili.

*

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulipambwa vitambaa. Milango ilifungwa kwa minyororo kwa ajili ya usalama wa wajumbe, funguo akakabidhiwa Kamanda Chogo, ambaye si mjumbe na kwa hiyo hahesabiwi. Kwaya iliimba nje. Mheshimiwa Mkwanjwa alipanda jukwaani amevaa kofia ya ujenzi.

"Kinu!" alinguruma.

"Twanga!" waliitikia.

"Karani, akidi imetimia?"

Bi Tunu alihesabu, akarudia. "Wajumbe hai kwa mujibu wa daftari ni ishirini na tisa, Mheshimiwa. Wanatakiwa ishirini. Waliohudhuria ni kumi na tisa. Bado mmoja."

"Wangu walikuwa ishirini! Nani hayupo?"

"Sadala wa Kanda ya Chini," alisema Chogo kwa unyenyekevu. "Aliingia kwenye usahihi."

Sadala wa Kanda ya Chini alikuwa shemeji wa Mwenyekiti, kwa hiyo Mwenyekiti alilia kwa nusu dakika. Baada ya hapo akauliza kama mjumbe hai anaweza kuazimwa kutoka chama kingine.

Hapo Bi Tunu aliona mlango umefunguka, akaupitia bila kupumua. "Mheshimiwa, ibara ya kumi na tano inasema mjumbe asiye hai anaweza kurejeshewa uhai na karani, kwa wino wa bluu, Mwenyekiti akiidhinisha. Katika orodha kumebaki mmoja anayeweza kufaidika. Akirudishwa, jumla inakuwa thelathini na waliohudhuria ishirini. Akidi imetimia."

"Nani huyo?"

"Kondo Makwaya. Lakini kwanza Kamanda aapishwe kwamba mtu akiwa hai daftarini haguswi."

"Mimi nafuata daftari," alisema Chogo, akaonekana kuumia kwamba kulikuwa na shaka.

Idhini ilitolewa. Bi Tunu aliandika kwa bluu, akafunguliwa mlango, akashuka masjala, akampangusa mdogo wake vumbi la kalenda mabegani. "Sikiliza," alimwambia ngazini. "Unaingia, unakaa. Hunyooshi mkono. Wakipiga makofi, piga. Ikifika saa sita tumemaliza, tunaondoka, tunakwenda hata kwa wale wa meno. Niahidi."

"Nitajitahidi, dada."

Kondo aliketi kiti cha nyuma, minyororo ikarudishwa mlangoni. Mwenyekiti akatangaza kikao halali, akawaomba wajumbe wasimame dakika moja kuwakumbuka wenzao waliotangulia mbele ya haki kwa ajali mbalimbali. Wajumbe walisimama, vichwa chini. Kondo alibaki ameketi, ameng'ang'ania kiti kwa mikono yote miwili. Bi Tunu aliyaona mapambano yale usoni mwake, akawa anamtikisia kichwa kutoka mezani pake, akimsihi kwa macho. Kisha mkono wa kulia wa Kondo ukapanda juu.

"Mwongozo wa Mwenyekiti! Ni ajali gani hiyo inayofuata alfabeti?"

Wajumbe waliendelea kutazama viatu vyao.

"Walikuwa kumi na wanne," Kondo aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesoma vipimo. "Na Sadala wa pili, kumi na watano. Mmewaua. Chama hiki hakihitaji kujengwa, waheshimiwa, kinahitaji kuzikwa. Mimi naondoka."

"Ukitoka akidi inavunjika!" alipiga kelele Mwenyekiti.

"Na ivunjike."

Alitembea kuelekea mlangoni. Bi Tunu alishaacha meza yake, alikuwa anakimbia katikati ya viti akiita, "Kondo! Kaa chini, baba! Kaa chini!" Chogo alisimama njiani, mchi begani, akiwa amechanganyikiwa kweli, kwani mtu aliyekuwa mbele yake aliandikwa kwa bluu. Alimtazama Mwenyekiti apate msaada.

"Amejitoa Chama!" alisema Mwenyekiti. "Na nje ya Chama kuna nini, Kamanda?"

Uso wa Chogo ukakunjuka. Alipiga mara moja. Kondo alianguka kwa ubavu, na dada yake alipomfikia alikuwa bado anapepesa macho, akatamka nusu ya neno ambalo Bi Tunu aliamini ni "dada" mpaka siku anakufa. Alimpakata kichwa. Aliimba kidogo, wimbo usio na maneno. Damu ilimpitia khanga hadi magotini, ikawa ya moto, kisha ikapoa.

"Karani," aliita Mwenyekiti, "rudi mezani. Tuko kikaoni."

Bi Tunu alimlaza mdogo wake vizuri, akamfunika uso kwa mtandio wake. Akarudi, akaketi. Hakulia. Kilichokuwa ndani yake hakikuwa huzuni bado, huzuni ilikuwa inasubiri zamu yake. Ilikuwa chuki, safi, na ilimfanya aone kila uso ukumbini kwa uwazi mkubwa. Akachukua kalamu.

"Akidi?"

"Wajumbe hai ishirini na tisa. Wanatakiwa ishirini, waliopo ni kumi na tisa. Bado mmoja, Mheshimiwa."

"Lakini jumla ikipungua, akidi inashuka. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Bi Tunu aliangalia daftari. Majina ya kupunguzwa, yale ambayo yangeleta nafuu, yalikuwa kumi, na yote yalikuwa nchi jirani yakitengenezewa meno. Humu ndani, ukimtoa mtu kwenye jumla umemtoa na kwenye mahudhurio. Mtoto wa darasa la tano angeliona hilo. Ukumbini walikuwamo madaktari kumi na tisa. Aliyeweza kugawa kwa tatu alikuwa mweka hazina, naye walimsukuma kutoka roshani miaka miwili iliyopita kwa sababu hiyo hiyo.

"Ndivyo, Mheshimiwa," alisema. "Jumla ikipungua, akidi inashuka."

"Kwa ajili ya Chama, basi. Nani anapendekeza jina?"

Mjumbe wa Bondeni alipendekeza mjumbe wa Milimani, kwa hotuba ndefu iliyosifu moyo wake wa kujitolea. Mjumbe wa Milimani alipinga, akisema taratibu hazikufuatwa. Zilifuatwa; hoja ilipigiwa kura, ikapita, na Chogo akaitekeleza papo hapo.

"Akidi?"

"Hai ishirini na wanane, wanatakiwa kumi na tisa, wapo kumi na wanane. Bado mmoja."

"Tumekaribia!" alisema Mwenyekiti.

Wakaendelea. Mjumbe wa Bondeni alipendekezwa na kaka yake. Mjumbe wa Vijana, mwenye miaka sitini na minne, alijaribu kuruka dirishani, akavutwa miguu. Kufikia ya tano Bi Tunu alikuwa anasema, "Bado wawili," na wajumbe wakalaumiana kwamba hawajitoi kwa kutosha, wakashikana makoo bila kusubiri hoja, kwa viti, kwa vikombe vya chai, kwa vigingi vya bendera, daktari akimng'ata daktari. Kwaya nje iliongeza sauti. Chogo alizunguka akimalizia waliobaki nusu, maana nusu hazikuwa na mahali daftarini. Alikuwa analowa jasho, akiuliza kila mara kwa adabu, "Bi Mkubwa, bado?" na Bi Tunu akimjibu, "Bado, baba."

Saa sita kasorobo palikuwa kimya. Mheshimiwa Daktari Zuberi Mkwanjwa alikuwa amebaki peke yake jukwaani, kofia yake ya ujenzi imekaa upande.

"Akidi?" alinong'ona.

"Hai kumi na mmoja. Wanatakiwa wanane. Yupo mmoja. Bado saba, Mheshimiwa."

"Saba?" Alihesabu kwa vidole, akaanza upya. Kitu fulani kilianza kumwingia, taratibu. "Bi Tunu. Wewe… Kamanda, fungua mlango! Kikao kimeahirishwa!"

Chogo hakusogea. Alitazama ukumbi mzima, safu kwa safu, akimtafuta mjumbe hai aliyebaki, hadi macho yake yakapanda jukwaani. Akavua kofia, akamgeukia karani.

"Bi Mkubwa, tukipunguza mmoja tena, akidi inashuka?"

"Usimjibu!" alisema Mwenyekiti. "Bi Tunu, mama yangu, mwambie ukweli! Mwambie!"

Bi Tunu alitazama mlangoni, mahali mtandio wake ulipokuwa.

"Inashuka," alisema.